Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Mwezi Mei 2020, katikati ya korona, Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Huntsville kilitangaza kuifuta timu yake ya hoki ya barafu, pamoja na timu za tenisi za wanaume na za wanawake. Sababu ilikuwa ile ile tunayoisikia kila mahali: bajeti. Wachezaji wa zamani na mashabiki wakafungua mchango mtandaoni, na ndani ya wiki moja hivi wakakusanya zaidi ya dola 500,000. Chuo kikabadili uamuzi. Watu walishangilia, na habari ya mji uliookoa timu yake ikasambaa.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2021, timu ile ile ilisimamishwa. Vyuo saba vilivyokuwa nayo kwenye ligi moja vilikuwa vimeamua tangu 2019 kujitenga na kuanzisha ligi yao, na havikuwachukua Huntsville. Timu ikabaki bila ligi, na haijarudi kwenye daraja la kwanza. Zile dola zote zilinunua msimu mmoja.

Wenye haraka ya kuhukumu walisema jambo moja tu: Alabama ni nchi ya joto, hoki ya barafu inatafuta nini huko? Jibu hilo ni rahisi na ni la uongo. Katika jumba lile lile walilochezea wanachuo, Von Braun Center, kuna timu ya kulipwa ya daraja la chini inayoitwa Huntsville Havoc, iliyoanzishwa mwaka 2004, na maelfu ya watu hulipa kwenda kuitazama. Wapenzi wa hoki walikuwepo mjini, walikuwa na pesa, na njia ya kufika uwanjani waliijua. Timu ya chuo nayo haikuwa ya kuokoteza. Ilianza mwaka 1979, ikachukua ubingwa wa taifa wa daraja la pili mwaka 1996 na tena 1998, na mwaka 2007 na 2010 ikafika kwenye mashindano ya kitaifa ya daraja la juu. Kwa hiyo tusiseme kwamba mji haukupenda hoki. Tuulize kwa nini mji uliopenda hoki haukuwa na fungamano la kutosha na timu ya chuo chake.

Ugomvi wangu katika makala haya ni na dhana moja ambayo viongozi wa vyuo wanaipenda sana: kwamba uungaji mkono wa wenyeji ni akiba iliyolala mahali fulani, na kazi ya chuo ni kwenda kuichota siku ya shida. Ukiipata, mji umekupenda. Ukiikosa, mji haustahili timu. Nasema dhana hiyo ndiyo inayoua timu hizi, na inaziua hata pale mchango unapofanikiwa.

Utaniuliza, hoki ya barafu inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, vijana wetu wengi wanasoma katika miji hiyo ya baridi, na familia nyingi zinazoongea Kiswahili, hasa kutoka Kongo, zimepewa makazi huko. Portland katika jimbo la Maine ni mfano mmoja. Watu hawa wanalipa kodi kwenye majimbo yanayoendesha vyuo hivyo, nao ni sehemu ya hao wanaoitwa wenyeji, wapende wasipende. La pili, sisi tunao msamiati ambao Wamarekani hawana wa kulieleza jambo hili. Tunajua tofauti ya kutunza na kuchangia msiba.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Fikiria maana yake halisi kabla haijawa methali ya kuandika kwenye khanga. Mchezaji yuko uwanjani, ngoma inalia, mtu anasimama kutoka kwenye umati, anakwenda mpaka katikati na kumbandika noti kwenye paji la uso. Anamtunza akiwa anacheza. Anamtunza kwa sababu anamjua, ni mtoto wa nyumba ya pili, na kesho watakutana kisimani. Hakuna anayemtunza mchezaji akiwa kwenye jeneza. Jeneza lina mchango wake, na mchango wa msiba una tabia zake: unakuja kwa wingi, unakuja kwa machozi, na ukishatolewa umekwisha. Kila mmoja wetu ameona ukoo ulioshindwa kukusanya hela ya dawa ukakusanya mara tano yake kwa ajili ya maziko. Huntsville ilipata mchango wa msiba, kisha ikaudhani kuwa ni tunzo.

Nieleze kidogo mchezo wenyewe, kwa sababu bila kuujua huwezi kuona kwa nini unautegemea mji kuliko mingine. Uwanja wa hoki wa Marekani una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Barafu yake ni nyembamba, sentimita chache tu, na chini yake kuna mabomba yanayoigandisha usiku na mchana. Kila baada ya dakika 20 za mchezo lazima ipitishwe mashine ya kuilainisha. Umeme haulali, fundi halali. Mpira wa kikapu unataka sakafu na kitanzi, lakini hoki inataka kiwanda. Ndiyo maana, wakati Marekani ina vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza la michezo, vyuo vyenye timu ya wanaume ya hoki katika daraja hilo ni sitini na kitu tu, na vingi viko kwenye miji midogo ya kaskazini ambayo hungeisikia kama si timu hizo.

Gharama hiyo haiwezi kubebwa na wanafunzi peke yao. Mwanafunzi anakaa miaka minne na kuondoka. Anayebaki ni fundi bomba, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mgahawa, nesi wa zamu ya usiku. Hao ndio wanaoweza kukaa kiti kile kile kwa miaka 30. Na siku hizi jambo hili limezidi. Sheria za michezo ya vyuo zimelegezwa: mchezaji anahama chuo bila kupoteza msimu, tangu mwaka 2025 chuo kinaruhusiwa kumlipa moja kwa moja, na wachezaji waliopitia ligi kubwa za vijana za Kanada, ambao zamani walizuiwa, sasa wanaruhusiwa. Mimi sina kinyongo na kijana anayefuata malisho. Lakini matokeo yake ni kwamba mchezaji ni mpita njia, kocha ni mpita njia, na mwanafunzi ni mpita njia. Asiyehama ni mji peke yake. Chuo kinachojenga timu yake juu ya kila kitu isipokuwa mji kinajenga juu ya magurudumu.

Sasa nikutane na wapinzani wangu, maana wapo na wana hoja.

Kundi la kwanza linasema: acheni maneno matamu, hoki inajengwa na bilionea. Watakutajia Penn State, ambako mwaka 2010 tajiri Terry Pegula na mkewe walitoa dola milioni 88, uwanja ukafunguliwa mwaka 2013, na mwaka 2025 timu ikafika nusu fainali ya taifa. Watakutajia Arizona State, jangwani, ambako mwaka 2014 wafadhili waliahidi dola milioni 32 na leo kuna uwanja wa watu wapatao 5,000. Pesa imeleta barafu jangwani, utabisha nini?

Sibishi kwamba pesa ilikuja. Nauliza ilikuja baada ya nini. Penn State ilikuwa na timu ya klabu iliyoitwa Icers kwa miongo kadhaa kabla ya hundi ile, timu isiyo ya daraja la kwanza, ikicheza kwenye uwanja mdogo na kuchukua ubingwa wa klabu mara kwa mara mbele ya watu waliolipa wenyewe. Arizona State nao walikuwa mabingwa wa taifa wa klabu mwaka huo huo wa 2014, miezi kabla ya ahadi kutangazwa. Na hata baada ya pesa kuahidiwa hawakuhamia kwenye jumba la kifahari. Tangu 2015 mpaka 2022 walicheza mechi zao nyingi za nyumbani kwenye uwanja mdogo wa Tempe ambao haukuchukua hata watu 1,000, na mwaka 2019, wakiwa bado humo, walifuzu mashindano ya taifa. Uwanja mpya ulipofunguliwa, timu ya kulipwa ya Arizona Coyotes ilikuja kuishi humo kama mpangaji. Mwaka 2024 mpangaji akafungasha kwenda Utah. Timu yenye mamilioni iliondoka, ya wanafunzi ikabaki. Bilionea huingia kwenye nyumba yenye moto jikoni. Hajawahi kuwasha moto kwenye nyumba ya watu wasiofahamiana.

Kundi la pili ni la wahasibu, na hao ndio ninaowaheshimu zaidi. Wanasema timu inakula hasara, na chuo ni mahali pa kusoma. Mwaka 2019 gavana wa Alaska alitangaza kukata dola milioni 130 kutoka kwenye fedha za chuo kikuu cha jimbo, kisha wakapatana wapunguze milioni 70 kwa miaka mitatu. Katika hali hiyo, mwaka 2020, chuo cha Anchorage kiliamua kufuta hoki, sarakasi za viungo za wanawake na mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Je, walikosea? Kama kuna kozi ya unesi inayofungwa na timu ya hoki inayosafirishwa kwa ndege kila wiki mbili, mtu mwenye akili atachagua unesi. Mimi pia ningechagua unesi.

Lakini tazama kilichofanyika. Bodi haikusema, tumepima, tumeamua, timu imekwisha. Ilisema timu inaweza kurudi kama wapenzi wake wataleta gharama za miaka miwili kabla. Kwa hoki, hiyo ilikuwa dola milioni 3. Hapo hoja ya mhasibu imebadilika ikawa kitu kingine. Kama hoki ni anasa isiyofaa chuo cha umma, haifai hata ikilipiwa. Na kama inafaa, kwa nini wananchi wanaokilipia kodi chuo hicho waje kuikomboa kama mateka?

Watu wa Anchorage walilipa. Ilichukua mwaka mzima, muda ukaongezwa, na mwisho wa Agosti 2021 timu ikatangazwa kurudi. Oktoba 2022 ilicheza tena, baada ya misimu miwili mitupu. Kocha aliyepewa kazi ya kuanza upya, Matt Shasby, ni mtu wa Alaska aliyeichezea timu hiyo hiyo. Nawavulia kofia. Ila usinifanye nisahau yaliyotangulia. Timu hii mwaka 1991 iliitoa Boston College kwenye mashindano ya taifa. Kwa miaka ilichezea Sullivan Arena, jumba la mji lenye nafasi ya watu zaidi ya 6,000. Kisha ikaanza kufungwa msimu baada ya msimu, viti vikawa vitupu, na mwaka 2019 ikahamishiwa kwenye uwanja mdogo wa chuoni wenye viti mia kadhaa. Mwaka uliofuata ikaambiwa haina watu wa kutosha wa kuibeba. Ukimhamishia mgeni wako chumba cha stoo, usishangae asipokuja na ndugu zake.

Na bado Anchorage ilipona pale Huntsville ilipokufa. Kwa nini? Zote mbili ziliachwa na vile vyuo saba, zote mbili zilipitisha bakuli, tena Anchorage ndiyo iliyodaiwa pesa nyingi zaidi. Tofauti ninayoiona mimi ni ya muda. Mchango wa Huntsville ulikuwa wa siku chache, wa hofu. Wa Anchorage ulidumu mwaka mzima, na mwaka ni mrefu: watu inabidi wakutane, wagombane, wagawane kazi, wagonge milango ya maduka, warudi tena mlango ule ule. Kufikia siku timu iliporudishwa, ilikuwa tayari imezungukwa na watu wanaojuana. Isitoshe, Anchorage ni mji ambako watoto wanacheza hoki mtaani kwao na kuiona timu ya chuo kama ngazi inayofuata. Scott Gomez, mtoto wa familia yenye asili ya Mexico na Kolombia, alikulia huko na kuchukua Stanley Cup mwaka 2000. Ule mwaka wa taabu ulifanya kazi ambayo chuo kilipaswa kuifanya kwa miaka 20 iliyotangulia.

Kundi la tatu linatoka kwetu, na huwa linanisema vikali. Huo ni mchezo wa wazungu wenye hela. Mnatupigia kelele za nini?

Kwamba ni ghali, ni kweli. Viatu vya kuteleza, helmeti, gongo, makinga ya kifua na magoti, kisha kodi ya barafu kwa saa, kisha mzazi mwenye gari na jioni zisizo na kazi. Mtoto wa mama anayefanya zamu mbili hawezi kuanza. Kwamba ni wa wazungu kwa asili, hilo nalikataa. Huko Nova Scotia, Kanada, watu weusi walikuwa na ligi yao ya hoki ya barafu tangu mwaka 1895, kabla ligi kubwa ya leo haijazaliwa. Willie O'Ree, mtu mweusi kutoka Fredericton, alicheza NHL mwaka 1958. Na Nairobi, tangu uwanja wa hoteli ya Panari ufunguliwe mwaka 2005 pale barabara ya Mombasa, wapo vijana wa Kenya waliojifunza mchezo huu na kuunda Ice Lions, ambao mwaka 2018 walialikwa Kanada na kuvaa jezi moja na Sidney Crosby. Vijana hao hawakuzaliwa na theluji miguuni. Walipata barafu karibu na mtu wa kuwaita waingie. Na kwa kuwa barafu hiyo ni ya hoteli, siku mwenye hoteli akiamua kuizima, mchezo wote wa nchi unayumba. Hilo nalo lina somo kwa wanaoabudu mfadhili mmoja.

Huko Minnesota wanajiita jimbo la hoki, na ukiwasikiliza utadhani ni jambo la damu. Damu haihusiki. Mashindano yao ya shule za sekondari yalianza mwaka 1945, na miji yao imezoea kumwaga maji kwenye viwanja vya wazi kila baridi inapoingia ili watoto wateleze bure. Timu ya Marekani iliyoifunga Urusi ya Kisovieti 4–3 kwenye Olimpiki ya mwaka 1980, chini ya kocha Herb Brooks, ilikuwa ya vijana waliotoka vyuoni, na 12 kati ya 20 walikuwa wa Minnesota. Miaka 35 ya maji ya bure ilitangulia muujiza huo.

Nimeishi kwa muda katika mji mmoja wa kaskazini wenye chuo chenye timu. Jirani yangu alikuwa baba mmoja kutoka Bukavu, aliyefanya kazi kiwanda cha nyama. Nyumba yetu na uwanja wa barafu vilitenganishwa na maegesho ya magari. Jumamosi za mechi tulisikia honi ya goli tukiwa jikoni. Nilimwuliza kama aliwahi kuingia. "Miye niko hapa myaka saba," akaniambia, "na hakuna mutu alishaniita. Bananiletea tu ile barua ya kuomba makuta." Barua ile niliiona. Ilikuwa ya kuchangia viti vipya, imetumwa kwa kila anwani ya mtaa. Ilikuwa na picha ya wachezaji, namba ya akaunti na ahadi ya jina lako kuandikwa ukutani ukitoa kiasi fulani. Ratiba ya mechi haikuwemo. Bei ya tiketi haikuwemo. Neno karibu halikuwemo.

Wanawe wawili walikuwa wakicheza soka kwenye maegesho yale yale, kwa taa za uwanja.

Nimeifikiria barua hiyo kuliko ilivyostahili. Aliyeiandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na orodha ya anwani na lengo la fedha. Kwake, mtaa mzima ulikuwa mifuko ya watu. Lakini mtu ukimtazama kama mfuko kwa miaka saba, naye atakutazama kama mdai. Na mkurugenzi wa michezo wa chuo kile akiandika ripoti yake, ataandika kwamba jamii za wahamiaji hazina mwamko wa hoki.

Mwaka 2023 Tennessee State University ya Nashville, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, kilitangaza kuanzisha timu ya hoki ya barafu. Wengi walipiga makofi, na mimi nilifurahi. Lakini tangazo ni tangazo. Timu hiyo ikija kufaulu, itafaulu kwa sababu mtoto wa Nashville aliwekwa kwenye viatu vya kuteleza kabla hajaombwa kununua jezi.

Basi nadai nini? Nadai mambo ya kawaida, na nayadai kwa mpangilio huu kwa sababu mpangilio ndiyo hoja.

Kwanza barafu. Kila chuo chenye uwanja wa hoki kina saa ambazo mashine zinanguruma na uwanja uko mtupu, asubuhi mapema na jioni za siku zisizo na mechi. Saa hizo zipewe watoto wa mtaa, bure, pamoja na viatu vya kuazima. Viatu vya timu za zamani vimejaa kwenye stoo. Gharama ya umeme imeshalipwa, barafu haitayeyuka haraka zaidi kwa kukanyagwa na mtoto wa Bukavu.

Pili mwaliko, na mwaliko si tangazo la redio. Mwaliko ni mchezaji kwenda shule ya msingi iliyo karibu, tena mara kwa mara, mpaka watoto wajue jina lake. Ni mtu wa chuo kwenda msikitini, kanisani, kwenye chama cha Wakongo, na kusema Jumamosi tunacheza, njooni, mlango huu. Atakayeitwa na mtu anayemjua atakuja, na atakuja na shemeji yake.

Tatu bei. Viti vya nyuma vilivyo vitupu viuzwe kwa bei ya chai, au vitolewe. Kiti kitupu hakileti hela yoyote, wala hakinunui kahawa wakati wa mapumziko.

Nne hesabu. Chuo kitoe hadharani kila mwaka timu inakula kiasi gani na inaingiza kiasi gani, kwa lugha ambayo muuza duka ataielewa. Mji ukijua mgonjwa ana homa utaleta dawa mapema. Huko Pennsylvania, Robert Morris University kilifuta timu zake mbili za hoki, za wanaume na wanawake, ghafla mwezi Mei 2021. Ilibidi watu wachange, na timu zikarudi uwanjani msimu wa 2023–24. Misimu miwili ya wasichana na wavulana iliteketea kwa sababu familia iliitwa hospitali wakati mgonjwa anafunikwa shuka.

Tano sauti. Wanaochangia wawe na viti kwenye kikao kinachoamua uhai wa timu. Sisemi wapewe kura ya kumchagua golikipa. Nasema asije mtu aliyenunua tiketi kwa miaka 30 akajua habari za kufutwa kwa timu yake kwenye simu.

Ni baada ya hayo matano ndipo bakuli lipitishwe. Na likipitishwa wakati huo, sitakuwa na neno. Ningetoa na mimi.

Najua jibu litakalokuja: haya yote yanachukua miaka, na bajeti inafungwa Juni. Ni kweli, yanachukua miaka. Ndiyo maana yanapaswa kuanza mwaka ambao timu inashinda, uwanja umejaa na hakuna anayeogopa. Mkurugenzi wa michezo ambaye leo ana viti vilivyojaa na hajui jina la mtaa ulio ng'ambo ya maegesho yake, huyo ndiye anayeiandaa Huntsville nyingine, na hajui.

Na wewe msomaji uliyeko kwenye miji hiyo, kwa masomo au kwa maisha, usisubiri barua. Nenda kwenye ofisi ya michezo ya chuo chako wiki hii. Uliza saa za watoto ni zipi. Wakikuambia hazipo, uliza nani anaweza kuzianzisha, andika jina lake, kisha rudi wiki ijayo na wazazi watatu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapo kwanza pawe kwao, na pawe kwao pia mtoto anayecheza soka kwa taa za uwanja ambao hajawahi kuuingia.